Termostati sio bomba la maji, na lile tundu la hewa msilizibe

Ndugu Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote.

Naandika kuhusu ile makala yenu ya kupasha joto nyumba wakati wa baridi. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikaona niwaandikie mapema manake kuna mambo mawili makubwa mle ndani hayajakaa sawa. Moja linamla mtu hela tu. La pili linaweza kuua, na hilo ndo limenikosesha usingizi. Kazi yangu ni hii hii ya maboila (zile mashine za kuchemsha maji ya kupasha nyumba) na marejeta (yale mabati ya ukutani ambayo maji hayo yanapita ndani yake), nimeifanya miaka mingi, kwaio haya sio mambo ya kusimuliwa.

Makala imesema ukiingia kwenye nyumba iliyopoa, peleka termostati, kile kitufe cha ukutani cha kuagiza joto, mpaka nyuzi 30 ili joto lije haraka. Hapana jamani. Karibu kila nyumba ninayoingia nakuta mtu kafanya hivo hivo na namwelewa kabisa, bomba la maji ukilifungua sana maji yanatoka kwa nguvu, sasa mtu anaona na kile kitufe cha ukutani nacho ni hivo hivo. Ila termostati ni swichi tu, tofauti yake na swichi ya taa ni kwamba yenyewe inapima joto la chumba. Ikikuta chumba kiko chini ya ulichoagiza inaiambia boila iwake, chumba kikifika inaiambia izime, basi. Boila ya kilowati 20 ni ya kilowati 20, ukiagiza nyuzi 21 inaleta hizo 20, ukiagiza nyuzi 30 inaleta hizo hizo 20. Safari ya kufika 21 inachukua muda ule ule, tofauti ni kwamba ukiagiza 30 haisimami pale, inaendelea kuchoma mpaka watu wanavua masweta wanafungua madirisha, na hapo ndo hela inapotoka nje. Kuna mashine za siku hizi zinazopunguza moto wenyewe zikikaribia kufika, hizo ukiziagiza juu zaidi zitakaza mwendo kidogo mwishoni, ila nazo zina kikomo chake na hazikipiti.

Hii swichi yenyewe ina historia nzuri. Kulikuwa na mwalimu mmoja huko Wisconsin, Marekani, anaitwa Warren Johnson. Enzi hizo ili kujua darasa limepoa au limechemka, mtunza jengo alikuwa anapita darasa kwa darasa kuangalia, anakatiza somo, alafu anashuka chini kwenye tanuri kurekebisha. Johnson akatengeneza kifaa cha umeme cha kumpigia kengele huyo mtu kule chini, akapata hatimiliki mwaka 1883. Kwenye termostati nyingi za zamani siri ni ukanda mwembamba wa metali mbili zilizogandishwa pamoja, moja inatanuka kuliko mwenzake ikipata joto, kwaio ukanda unajipinda na kukata umeme, ukipoa unanyooka na kuunga. Ukizungusha ile ya zamani taratibu chumba kikiwa kimya unasikia tik, ni ule ukanda unagusa. Siku hizi ni sensa za kielektroniki lakini kazi ni ile ile. Na kwa sababu inapima pale ilipo tu, ukiifunga juu ya rejeta au mahali jua linapiga, yenyewe itaamini nyumba nzima ina joto wakati watoto chumba cha nyuma wanatetemeka. Nimehamisha termostati nyingi kwa sababu hiyo tu, bila kugusa boila hata kidogo.

Sasa Mhariri naomba nirudi nyuma kidogo manake naona shida ya makala nzima iko hapa. Mwandishi ameeleza kama vile joto ni kitu unachojaza ndani ya nyumba, ukishajaza limekaa. Joto halikai. Lenyewe siku zote linatoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, halipumziki, linapita kwenye kuta, kwenye paa, kwenye vioo, sakafuni, na kwenye kila ufa ambao hewa inapenya. Nyumba wakati wa baridi ni debe lililotoboka. Mfumo wa joto kazi yake ni kumimina maji kwenye debe kwa kasi ile ile yanayovuja ili kina kisishuke. Ukishaiona hivo mambo mengi yananyooka yenyewe.

Chukulia nyumba ambayo ndani ni nyuzi 20, nje ni 0, na inavujisha kilowati 5. Ili ibaki 20 lazima uweke kilowati 5 kila wakati, ukiweka 4 itashuka, ukiweka 6 itapanda. Nje ikishuka mpaka -10, tofauti imetoka 20 imekuwa 30, kwaio uvujaji nao unapanda mpaka kilowati 7 na nusu. Boila haijaharibika, gesi haijapungua nguvu, ni debe tu linavuja kwa kasi zaidi. Mara ngapi nimeitwa usiku wa baridi kali mtu analalamika mashine haifanyi kazi, nafika nakuta inafanya kazi kwa nguvu zake zote na nyumba imekwama kwenye 17, na ukipanda darini hakuna hata kipande cha pamba ya kioo, ile ya kuzuia joto lisitoroke. Mtu wa hivo ukimuuzia boila kubwa zaidi umemwibia, mimi nasema wazi. Anza na dari, ziba nyufa za madirisha, alafu ndo tuongee habari ya mashine. Na usisahau kwamba hata watu ni mahita, mtu mzima aliyekaa tu anatoa kama wati 100, weka watu 10 sebuleni ni kilowati nzima, ndo maana wageni wakijaa rejeta zinapoa zenyewe na watu wanadhani zimekufa.

Hapo hapo kuna swali naulizwa kila siku na makala imelipita juu juu, je nikienda kazini asubuhi niache mfumo unawaka kidogo kidogo mchana kutwa au nizime. Kwa nyumba nyingi zenye boila, kushusha ndo kunapunguza bili. Watu wanasema kupasha upya kunakula zaidi, lakini fikiria lile debe, kina kikishuka na mvujo unapungua, kwaio masaa yote nyumba iliyokuwa ya baridi ilipoteza kidogo, na hicho kidogo ndo unachorudisha jioni. Ila usizime kabisa kama nje kunaganda. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, bomba la shaba linapasuka kama ganda la yai, na wewe hujui mpaka barafu iyeyuke ndo maji yaanze kumwagika ukutani. Acha hata kwenye 12 au 14. Na kama una wazee, watoto wachanga au mtu mgonjwa, usishushe hivo wakiwa ndani, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 limetaja nyuzi 18 kuwa kiwango salama kwa watu wa kawaida kwenye msimu wa baridi, na wanyonge wanahitaji zaidi ya hapo.

Ngoja nieleze safari yenyewe ya joto manake naona wasomaji wengi hawajaelezwa, wanaliona tu rejeta ukutani hawajui nyuma yake kuna nini. Kwenye boila kuna moto na kuna kikoba cha chuma au shaba chenye njia nyembamba nyembamba, moto unapita upande mmoja, maji upande wa pili, havikutani. Maji yakishapata moto pampu inayasukuma kwenye mabomba mpaka kwenye rejeta la kwanza, la pili, la tatu, yanaacha joto huko, alafu yanarudi boila yakiwa yamepoa kidogo ili yakachukue tena. Ni maji yale yale mwaka mzima yanazunguka. Kwa nini maji? Manake ni mbebaji mzuri mno. Lita moja ya maji inabeba karibu jouli 4,200 kwa kila nyuzi moja, lita moja ya hewa inabeba kama jouli 1 na kidogo tu. Ndo maana bomba la unene wa kidole linatosha kulisha chumba kizima, wakati ukitaka kuleta joto hilo hilo kwa hewa unahitaji mfereji wa bati ambao paka anaingia na kugeuka.

Na maji yakipata moto yanatanuka, kwaio pembeni kuna katanki kenye mpira ndani, upande mmoja hewa upande mmoja maji, kanapokea yale yaliyozidi. Wengi hawakajui. Kale katanki kakifa utaona mshale wa presha unapanda juu boila ikiwaka, alafu unashuka mpaka chini ikipoa, na valvu ya usalama inadondosha maji nje. Mtu anaongeza maji kila wiki anadhani kuna bomba linavuja, kumbe ni katanki. Kila ukiongeza maji mapya umeingiza oksijeni mpya, na oksijeni ndo inayotafuna rejeta kutoka ndani.

Sasa rejeta. Jina linatudanganya kidogo, tunadhani kazi yake ni kumulika joto kama jua. Inamulika kweli, lakini kwa marejeta mengi ya ukutani sehemu kubwa ya joto inatoka kwa hewa, hewa ya chini inaingia, inapata moto, inakuwa nyepesi, inapanda mpaka darini, inazunguka chumba, inapoa, inashuka, inarudi chini ya rejeta tena. Kwaio rejeta inahitaji kupumua chini na juu. Makochi yamesukumwa mpaka yameigusa, nguo zimerundikwa juu yake, pazia refu limefunika lote, joto lote linabaki nyuma ya pazia linaongea na kioo cha dirisha. Pazia ukilikomesha juu ya rejeta tu utaona tofauti usiku ule ule. Na lilivyowekwa chini ya dirisha ni kwa makusudi, kioo kikipoa kinashusha hewa baridi kama maji yanateremka ngazi, inakufikia miguuni, rejeta likiwa pale linaipokea na kuirudisha juu kabla haijakufika.

Alafu kuna jambo la kutoa hewa, hili naomba kila mtu ajue manake halihitaji fundi. Ukipitisha kiganja kwenye rejeta ukakuta chini pa moto juu pa baridi, kuna hewa imejikusanya juu, maji hayafiki. Zima mfumo, subiri upoe, chukua kile kifunguo kidogo cha pembe nne, weka kitambaa na kikombe chini ya kipuli cha kutolea hewa kilichoko pembeni juu, alafu zungusha robo tu, usizidishe. Utasikia tssss, sauti kavu ya hewa, unanusa kama harufu ya chuma chakavu, inaendelea dakika nzima wakati mwingine, alafu sauti inabadilika inakuwa na mate mate, inatema, inatema, na ghafla unatoka mchirizi mwembamba wa maji. Hapo funga. Yakitoka meusi kama wino usishtuke ila kumbuka, hiyo ni kutu. Ukimaliza angalia mshale wa presha kwenye boila, kwa nyumba nyingi ukiwa baridi unatakiwa ukae kati ya baa 1 na baa 1 na nusu, ukishuka chini ongeza kidogo. Mara ya kwanza nilipofanya hivi mbele ya bibi mmoja mzee aliyekuwa amelala na makoti miezi miwili kwa sababu ya kikombe kimoja cha hewa, rejeta likaanza kutoa mlio wa kutanuka, tak, tak, na yeye akaweka viganja vyote viwili juu yake akanyamaza. Sijaisahau ile.

Ikiwa ni kinyume, juu pa moto chini katikati pa baridi, hiyo sio hewa, ni tope la kutu limekaa chini. Kutoa hewa hakutasaidia, hapo lazima mfumo uoshwe.

Kuna kale kakichwa ka plastiki kenye namba 1 mpaka 5 pembeni ya rejeta. Wengi wanadhani ni nguvu ya moto. Ndani mle kuna kidonge cha nta au kimiminika kinachotanuka hewa ya chumba ikipata joto, kinasukuma pini, pini inaziba maji. Namba ni joto la chumba unalotaka, 3 mara nyingi ni karibu nyuzi 20. Ukikifunika na pazia kinapima joto la nyuma ya pazia, kinajifunga mapema, chumba kinabaki baridi. Tena ni pazia, naona nimelitaja mara nyingi ila ndo ukweli wa kazi yangu, nusu ya matatizo ninayoitiwa ni vitu vilivyowekwa mbele ya rejeta.

Jambo jingine ambalo makala ilikuwa karibu kuligusa ikaliacha. Mtu anasema kipimo kinasoma 21 lakini nasikia baridi, kipimo kibovu. Kipimo kizima. Ngozi yako ni kama nyuzi 33, ukikaa karibu na kioo kikubwa cha nyuzi 8 mwili wako unamulika joto kuelekea kwenye kile kioo, moja kwa moja, hata hewa iliyopo katikati iwe ya vuguvugu. Ndo ile unayosikia bega moja linapoa lingine liko sawa. Watu wanaongeza joto la hewa mpaka koo linakauka badala ya kusogeza kiti au kushusha pazia la dirisha (la dirisha, lisifunike rejeta). Sakafu yenye mabomba chini yake inapendwa kwa sababu hiyo hiyo, eneo kubwa lenye uvuguvugu mdogo tu, maji ya nyuzi 35 mpaka 45 yanatosha, mwili unakuwa na sehemu pana inayouelekea ambayo haiunyonyi.

Na hayo maji ya uvuguvugu ndo yanafungua mlango wa hizi pampu za joto ambazo makala imeziita umeme wa kawaida tu kwa jina la kifahari. Hapana. Hita ya kawaida ya umeme ikila kilowati 1 inatoa kilowati 1 ya joto, haiwezi kuzidi. Pampu ya joto nzuri ikila kilowati 1 inaweza kukupa 3, na hakuna uchawi, ile 1 haigeuki kuwa 3, inatumika kubeba 2 nyingine kutoka nje. Ni friji iliyogeuzwa. Weka mkono nyuma ya friji lako utasikia joto, lile limetolewa ndani kwenye vyakula likamwagwa jikoni. Wazo lenyewe ni la zamani, William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza tangu 1852. Watu wananiuliza nje ni -5 hilo joto linatoka wapi. Kwetu -5 ni baridi, ila baridi ya mwisho kabisa ni kama -273, kwaio hewa ya -5 bado ina joto tele, tatizo ni kulikamata tu. Ndani ya mashine kuna kimiminika kinachochemka kwenye baridi kali, kwa mfano propani inachemka kwenye -42, kwahiyo hewa ya -5 kwake ni kama jiko, inaichemsha, mvuke unaingia kwenye kompresa unabanwa, ukibanwa unapata moto, unakuja ndani unaacha moto kwenye maji. Kadiri nje kunavyopoa na wewe unavyodai maji ya moto zaidi ndivyo mzigo unavyokuwa mlima mkali, ile 3 inashuka. Ndo maana nasema usifunge pampu ya joto kwenye nyumba inayovuja yenye virejeta vidogo alafu ulaumu mashine. Na ukiona ile ya nje inatoa moshi mweupe asubuhi ya baridi usiite zimamoto, inayeyusha barafu iliyojijenga juu yake, ni mvuke.

Sasa nafika kwenye lile la pili, Mhariri, na hapa naomba unisome taratibu.

Makala yenu imeandika "ziba matundu yote". Hayo maneno matatu. Nyufa za dirisha ziba, chini ya mlango ziba, pale bomba linapopita ukutani ziba, nakubali kabisa. Lakini kuna tundu la hewa lenye wavu ambalo limewekwa kwa makusudi kwenye chumba chenye moto. Boila za siku hizi nyingi zimefungwa kabisa, zinavuta hewa kutoka nje kwa bomba lao na kutoa moshi kwa bomba hilo hilo. Ila ziko nyingi za zamani, na mahita ya gesi, na majiko ya kuni, yanayovuta hewa ya chumba kile kile ulichokaa. Moto ukikosa hewa ya kutosha hauzimi, unaungua vibaya, unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Ikiingia kwenye damu inashikana na himoglobini, kile kitu kwenye damu kinachobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana, kwaio damu inazunguka imejaa kitu kisicho na faida na mwili unakosa pumzi huku unapumua.

Nilikuwa bado najifunza kazi, tuliitwa na bwana wangu aliyekuwa ananifundisha kwenye nyumba moja, malalamiko yalikuwa boila inatoa masizi. Mlango ulifunguliwa na mama amejifunga kichwa kwa kitambaa. Akasema poleni, sote tuna mafua, wiki sasa, kichwa na kichefuchefu. Bwana wangu akauliza na watoto? Na watoto. Akauliza mkitoka nje je? Mama akafikiri, akasema tukitoka tunapata nafuu. Bwana wangu hakuuliza tena, alipita moja kwa moja jikoni akazima boila, akaniambia fungua kila dirisha, toa watoto nje na mablanketi, wewe baba ita gari la wagonjwa. Mimi nilikuwa nimesimama naangalia tu. Kabla hajaizima niliona moto kwenye kidirisha, ulikuwa wa njano, mrefu, mvivu, unalamba lamba, wakati moto wa gesi wa boila kama ile unatakiwa uwe wa bluu na mfupi. Juu ya kava kulikuwa na doa jeusi kama mtu amepaka masizi kwa kidole gumba. Na ukutani, lile tundu la hewa lilikuwa limejazwa matambara vizuri kabisa na kubandikwa gundi ya karatasi juu, manake baba mwenye nyumba alikuwa amesoma mahali kwamba azibe matundu yote. Alikuwa anawapenda wanae. Walipona wote, hospitali iliwapa oksijeni. Ila bwana wangu njiani aliniambia tungekuja kesho yake tungekuta kimya.

Ndo maana sikuweza kuliacha hili lipite. Msomaji wenu akiwa na baridi na bili kubwa atafuata kile mlichoandika, atachukua matambara.

Kwaio kwa msomaji anayesoma hapa: tundu lenye wavu kwenye chumba chenye boila, hita ya gesi au jiko usiliguse. Kengele ya kaboni monoksaidi ni kifaa kidogo, weka moja kwenye chumba chenye kifaa cha moto na nyingine karibu na unapolala, bonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi. Fundi aangalie boila na bomba la moshi mara moja kwa mwaka. Watu wote nyumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja na nafuu inakuja mkitoka nje, zimeni, fungueni, tokeni, pigeni simu ya dharura mkiwa nje. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya kuota, hata likiwa limeshakolea halitoi moshi, hasa likiwa halitoi moshi, manake hapo ndo mtu anajiamini analala nalo.

Ukiacha hatari hiyo hewa inahitajika hata kwa ajili ya unyevu. Watu wanapumua, wanapika, wanaanika nguo ndani, mvuke wote huo ukikosa pa kutokea unaenda kujishika kwenye ukuta uliopoa zaidi, kona ya nyuma ya kabati, na baada ya wiki kadhaa kuvu nyeusi. Fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, alafu funga. Hewa inabadilika, kuta na vitu vinabaki na joto lao, na hewa mpya inapata moto haraka. Hiyo ni bora kuliko kuacha dirisha nusu mchana kutwa juu ya rejeta linalowaka.

Ombi langu Mhariri ni kwamba mchapishe masahihisho, na msiyaweke kule chini ya kurasa za ndani kwa herufi ndogo. Yawekeni pale pale ilipokaa makala, ukurasa ule ule. La termostati mkikosa nafasi liacheni, litamgharimu mtu hela na atajifunza mwenyewe. La tundu la hewa msiliache. Na kama mtahitaji fundi wa kuwasomea makala ijayo kabla haijatoka, mimi nipo, sitadai chochote.

Wenu,
Fundi wa boila na marejeta, msomaji wenu wa siku nyingi